Jembe la Mgeni katika Nyanda za Buha

Hapana methali ya Kiswahili iliyotamkwa mara nyingi na kupimwa mara chache kama ile isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee huisema kwa kicheko mgeni akikawia. Viongozi huisema kwa ukali wakiwakemea wavivu. Mwalimu Julius Nyerere aliitia katika maandiko yake ya Ujamaa ya 1962, apate kuonyesha kuwa katika jamii ya kale ya Kiafrika hapakuwa na nafasi ya mtu kula jasho la mwenzake. Leo methali hiyo imepata watetezi wa namna nyingine. Hao ni wale wanaotaka nyumba za wageni na hosteli za Kasulu na Kibondo zipokee vijana wasafirio kutoka ng'ambo, wafanye kazi saa chache kila siku, wapewe kitanda na chakula badala ya mshahara, kisha saa zinazobaki wazitumie kutembea milimani na misituni. Desturi hiyo si ngeni Unguja, wala Arusha, wala Moshi. Kijana hufua mashuka, hupiga deki, hupokea wageni mlangoni au hupaka rangi ukutani, na jua likishuka huenda zake matembezini. Watetezi husema: kuna ubaya gani? Si mgeni huyu amepewa jembe?

Swali hilo ni jepesi mdomoni, bali jibu lake lina uzito. Kazi ya namna hiyo, kama inavyopendekezwa kwa Buha, si jembe la mgeni. Ni jembe la mwenyeji lililochukuliwa mkononi mwake na kutiwa mkononi mwa mtu asiyelihitaji. Na aliye na wajibu wa kwanza wa kwenda Kasulu na Kibondo kutembea na kufanya kazi ni kijana msomi wa nchi hii hii, ambaye mpaka sasa amekaa pembeni, akidhani kuwa safari ni anasa ya Wazungu na deki ni kazi ya wasiosoma.

Kwanza methali yenyewe na isomwe vema, kwani imebeba masharti matatu. Sharti la kwanza ni zile siku mbili. Ukarimu hutangulia, nao hauna hesabu. Mgeni hali chakula cha siku ya kwanza kwa mkataba. Sharti la pili ni shamba. Jembe alipewalo mgeni ni jembe la pili, lililoongezwa juu ya lile la mwenyeji. Hulima wote wawili, na shamba hupanuka. Haikupata kusemwa kwamba mgeni apewe jembe na mtoto wa nyumbani anyang'anywe. Sharti la tatu limo katika neno mgeni lenyewe. Mgeni ni mtu mwenye njia ya kuondoka. Aliyefungwa mahali asiweze kutoka haitwi mgeni. Ana majina mengine, na historia imeyaandika.

Buha inayajua majina hayo yote, na kwa hiyo haiwezi kufundishwa somo la kazi na malazi kama nchi iliyozaliwa jana. Mwishoni mwa 1871 Henry Morton Stanley alipita katika nchi hiyo akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Watawala wa Buha walimtoza hongo ya vitambaa, kama walivyowatoza wasafiri wengine wa misafara. Stanley alilipa, akanung'unika, akalipa tena; mwisho akaona heri kuwakodi viongozi wa njia, akapenya usiku na msafara wake kwa siri, asikutane na mtozaji mwingine. Vitabu vya safari vimewafanya Waha kuwa wanyang'anyi katika kisa hicho. Lakini msafiri alikuwa na watu wengi na bunduki. Alikunywa maji ya nchi, alinunua nafaka ya nchi, alitaka amani ya nchi. Hongo ilikuwa ndiyo bei ya mambo hayo. Leo mtalii hulipa kiingilio hifadhini wala hapana aliyeandika kitabu kulalamika kuwa ameporwa. Stanley basi ni mfano wa mgeni asiye na jembe: alitaka njia na hakutaka kuwiwa na mtu.

Baada yake ikaja zamu ya Waha wenyewe kuwa wageni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na njaa ya mikono. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi yao ya kuandika wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na wilaya za Kasulu na Kibondo zikawa kama ghala la kuchota vijana. Kijana wa Buha aliandikwa, akapewa namba, akapakiwa, akalazwa kambini, akapewa posho ya chakula, akafika shambani akakabidhiwa kipande cha kuhesabia siku 30 za kazi. Kutokana na namba hiyo likapatikana neno manamba, ambalo mpaka leo linauma. Kutoroka kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani. Alisafiri mbali kuliko watalii wengi; aliona pwani, aliona milima ya Usambara, alijifunza Kiswahili cha mashamba; alifanya kazi, alipewa kitanda na chakula. Kwa maneno matupu hapana kilichomtofautisha na kijana wa leo wa hosteli. Lakini hapana mtu aliyemwita msafiri. Alipewa jembe siku ya kwanza, na njia ya kuondoka ilifungwa. Hilo ni jembe lisilo na mgeni.

Basi watu hao wakiambiwa kuwa kazi kwa kitanda na chakula ni jambo jipya, la furaha, lililobuniwa na vijana wenye mabegi mgongoni, wana haki ya kucheka, na kicheko chao si cha furaha.

Na tuseme sasa juu ya nyumba ya wageni yenyewe. Tangu vita vya Burundi vya 1993 na vya Kongo vya 1996 vilipowasukuma watu kuvuka mpaka, Kasulu na Kibondo zimezoea kupokea watumishi wa mashirika, madereva, waganga na wakaguzi. Nyumba za wageni, ambazo mtaani huitwa gesti, zimekuwa mlango mmojawapo wa ajira ya fedha kwa mtu asiye na cheti. Anayetandika vitanda humo aghalabu ni msichana au mama aliyetoka kijijini, ambako fedha huonekana msimu wa maharage na mahindi, kisha hupotea. Mshahara wake ni mdogo, lakini ni mshahara. Kwa huo hulipa daftari za wadogo zake na dawa za mama yake.

Hebu gesti moja iwe na wahudumu watatu, na mwenye gesti apate vijana wawili wageni wa kufanya kazi kwa kitanda na chakula. Yeye ni mfanyabiashara, na hesabu yake si ngumu. Haitapita miezi mingi kabla ya mhudumu mmoja kuambiwa apumzike nyumbani, msimu ukiwa mzuri ataitwa. Watetezi husema kuwa mgeni hachukui mshahara wa mtu kwa kuwa hapokei mshahara. Maneno hayo yangekuwa kweli kama kazi ingekuwa haina mwisho. Lakini vitanda vina idadi, na mashuka yana idadi. Asiyepokea mshahara ndiye mshindani mbaya kuliko wote, kwani hapana awezaye kuuza kwa bei iliyo chini ya bure.

Iko tofauti nyingine iliyojificha. Yule kijana akirudi kwao huandika katika maelezo yake kwamba aliishi Afrika na kufanya kazi katika mazingira magumu; miezi miwili ya deki humpa sifa ya kumfungulia mlango wa chuo au wa kazi. Msichana aliyemfundisha kupiga deki ana miaka mitano ya kazi ile ile wala hana karatasi inayomshuhudia. Kazi ni moja. Kwa mmoja imekuwa tajiriba, kwa mwingine imekuwa hali yake. Ulimwengu unaoona heshima katika ndoo ya maji kwa kutazama mkono unaoishika hauheshimu kazi, unaheshimu mkono.

Sheria nayo haikulala. Sheria ya kuratibu ajira za wasio raia ya mwaka 2015 ilimtaka mgeni afanyaye kazi nchini awe na kibali, na viza ya utalii si kibali cha kazi, iwe ya kulipwa au ya kujitolea. Mwenye gesti asemaye kuwa huyu si mfanyakazi bali ni rafiki aliyependa kusaidia, ajiulize kama rafiki huyo angepata kitanda siku akikataa kufua. Kama hapati, basi kitanda ni ujira.

Lakini la kuumiza zaidi liko nje ya miji hiyo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia Kongo; Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi. Wako watoto waliozaliwa Nyarugusu, wakakua, wakazaa humo humo. Sheria ya wakimbizi ya 1998 iliwaagiza wakae katika maeneo waliyotengewa, wasitoke bila ruhusa. Hao ni wageni ambao siku yao ya tatu ilikwisha kupita miaka mingi, na jembe hawakupewa. Si kwa kuwa hawalitaki, bali kwa kuwa wamekatazwa kulima nje ya mpaka wa kambi. Nchi iliwahi kufanya vinginevyo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka mapori, wakalima, wakajilisha, wakalisha na wengine, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na vizazi vyao walipewa hati za uraia. Huko methali ilitimizwa yote, kwa ukarimu wake, jembe lake na njia yake. Sasa anayetaka kuileta methali hiyo Kasulu na Kibondo kwa ajili ya kijana mwenye tiketi ya ndege ya kurudia kwao, aanze kwanza kuisoma mbele ya lango la kambi. Ikimshinda kuisoma pale, asiisome kwenye gesti.

Hapo msomaji mwenye haraka atadhani kuwa shauri hili ni la kufunga milango. La hasha. Mtembezi ni baraka, na nchi isiyotembelewa husahauliwa hata na watoto wake. Swali ni nani atangulie kutembea, na atembee vipi.

Kijana wa chuo kikuu wa Tanzania humaliza miaka mitatu akiwa amejifunza mengi juu ya wananchi na kuwaona kidogo. Kigoma kwake ni mwisho wa reli. Kasulu ni jina katika habari za wakimbizi. Kibondo ni mahali ambapo mtumishi wa serikali huomba asipelekwe. Ukimwambia aende huko wakati wa likizo, alale katika hosteli, alipie kitanda chake kwa kazi ya nusu siku, atauliza kama hukumwona alivyosoma. Ugonjwa huo una historia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kuipinga amri ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mapato yao katika muda huo. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao. Haki nayo isemwe: walipolalamika kuwa wakubwa wanalipwa kupita kiasi, neno lao lilikuwa na ukweli, na Rais mwenyewe alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Lakini ukweli huo haukuwaondolea aibu ya kudhani kuwa elimu ni hati ya kusamehewa jembe. Aibu hiyo haikufa 1966. Imebadili nguo tu.

Na ajabu ni kwamba wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Nathari ya safari katika lugha hii haikuandikwa na mabwana waliobebwa machelani. Katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1901, yumo Selim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani mmoja, aliyefuatana na bwana wake mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, akaandika aliyoyaona. Mtu huyo alisafiri akifanya kazi. Mikono ilibeba mizigo na macho yalibeba habari. Wanafunzi humsoma, humchambua, humfanyia mitihani, kisha hudharau njia iliyomfikisha kwenye kalamu.

Wako watakaosema kuwa Kasulu na Kibondo hazina cha kuonwa, kwani hazina mlima wa theluji wala fukwe nyeupe. Hayo ni maneno ya mtu aliyefundishwa kuona kwa picha za matangazo. Nyanda za Buha ni nchi ya vilima vyenye migongo ya nyasi, mabonde yenye migomba na mashamba ya maharage, na misitu ya miyombo ambamo mizinga ya nyuki imetundikwa juu ya miti. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga hujaa vikapuni kando ya barabara. Mto Malagarasi, wa pili kwa urefu nchini, huanzia katika milima ya mpaka wa Burundi, ukazunguka nchi hiyo kwa upinde mkubwa kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Bonde lake pamoja na la Muyovosi, lenye hekta zaidi ya 3,000,000, lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Humo huishi korongo nyangumi, ndege ambaye watu huvuka bahari kuja kumtafuta. Pori la akiba la Muyovosi haliingiwi bila kibali na kiongozi, wala si mahali pa kuzurura; lakini vilima vya Heru havina lango, na mtu mwenye miguu miwili na adabu ya kubisha hodi aweza kuvitembea kutwa. Na asiyetaka vilima na atafute habari za watu: Heru ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wa kwanza kuketi katika Bunge la Tanganyika. Ni wanafunzi wangapi waliopata kulisikia jina lake darasani?

Basi kifanyike nini? Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa njiani kwa miguu pamoja na wanafunzi wake. Tufani ikawashika, wakalala katika jengo la shule lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo. Usiku ule aliwaza kuwa kila shule tupu yaweza kuwa malazi ya vijana watembezi. Mwaka 1912 hosteli yake ikawa katika ngome ya Altena, na kutoka hapo wazo likaenea duniani. Hosteli, basi, haikuzaliwa katika biashara ya utalii. Ilizaliwa mikononi mwa mwalimu, katika shule ya kijijini. Kasulu na Kibondo zina shule za bweni na vyuo vya ualimu ambavyo vitanda vyake hulala vitupu kila likizo. Atakayesema kuwa likizo za shule na za chuo kikuu hazioani kila mara, asema kweli; lakini kalenda haikushuka kutoka mbinguni, hupangwa na watu na hupanguliwa na watu.

Mwanafunzi na aende huko, alale humo, na kazi yake iwe ile ambayo sasa haina mtu: kupanga maktaba ya shule, kumfundisha jioni mhudumu wa gesti kuweka hesabu na kusoma mkataba wake, kuandika majina ya vilima na vijito kama wazee wanavyoyataja kwa Kiha, kukusanya maneno ya warina asali kabla hayajazikwa pamoja nao. Kazi ya namna hiyo ni jembe la pili. Anayemwongoza njiani alipwe fedha taslimu, si kofia wala shukrani. Kama kazi ni ya kutwa nzima, basi si ya kitanda tena, ni ya mshahara, na mwenyeji aulizwe kwanza kama anaitaka. Na mtu yeyote mwenye ajira humo, awe mpishi au mfua mashuka, apewe hati ya kazi yake sawasawa na mgeni.

Masharti hayo yakikubaliwa, kijana wa ng'ambo naye akija na kibali chake, akatii kama wengine, atakaribishwa siku mbili za kwanza bila kuulizwa neno. Yasipokubaliwa, afadhali alipe kitanda chake kwa fedha na kwenda kutembea kwa amani. Malipo yake yatamfaa mhudumu kuliko msaada wake.

Miaka mingi nchi ya Buha ilitoa vijana wake waende kulala katika kambi za watu wengine na kula posho za watu wengine. Miaka mingine mingi imewapa malazi maelfu waliokimbia mauti. Hapana nchi inayojua zaidi maana ya kulala ugenini. Anayekwenda kulala Kasulu au Kibondo aingie kwa heshima hiyo. Na akipewa jembe siku ya tatu, kabla ya kuliinua atazame kulia na kushoto, ahakikishe kuwa mwenyeji wake naye ana la kwake.